Kufunga Si Kinyume cha Kufungua

Ukimwambia mtu aliyesoma chuo kikuu kwamba umenunua pikipiki kubwa, hatakuuliza inakula mafuta kiasi gani. Atakuuliza kama umesoma kitabu cha Robert Pirsig, *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance*, kilichotoka mwaka 1974. Nimekisoma mara mbili. Lakini kitabu kilichochakaa mikononi mwangu, chenye alama za vidole vya oili hadi kwenye jalada, ni kingine kabisa. Ni mwongozo wa ufundi wa Haynes kwa ajili ya Yamaha XV535 Virago, nakala ya mtumba niliyopewa siku niliponunua pikipiki yenyewe hapa Dar es Salaam. Mwenye nacho wa kwanza aliandika vipimo pembeni kwa penseli, kama wanafunzi tunavyoandika pembeni mwa riwaya za mtihani.

Nataka kuvihakiki vitabu hivi viwili pamoja, na cha tatu nitakitaja mbele. Najua mwongozo wa ufundi hauhesabiwi kuwa fasihi. Sisi tunaosoma maandishi ya ukweli tumezoea insha ya safari, kumbukizi ya baba, wasifu wa mtaa. Hata hivyo mwongozo wa ufundi ni maandishi ya ukweli yenye sharti ambalo insha haina: ukidanganya, kitu kinavunjika. Mwandishi wa insha akikosea rangi ya shati la marehemu babu yake, hakuna anayeumia. Mwandishi wa mwongozo akikosea tarakimu moja, kuna mtu atakatikiwa na bolti ndani ya hedi ya silinda.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine. Chukua injini mbili za bodaboda za kawaida, ziinamishe ziachane kama vidole viwili vya alama ya ushindi, kisha unganisha miguu yake kwenye krenki moja. Hiyo ndiyo injini ya V yenye silinda mbili. Kwenye Virago yangu pembe kati ya silinda ni digrii 70. Kwenye Harley-Davidson, zilizoanzisha sura hii ya pikipiki ndefu ya kukalia kwa starehe, ni digrii 45. Kwa kuwa konrodi zote mbili zinashika pini moja ya krenki, milipuko haiji kwa mpangilio sawa: kwenye Harley silinda moja ikiwaka, nyingine inafuata baada ya digrii 315, kisha kunakuja kimya cha digrii 405 kabla ya kuanza upya. Ndiyo maana inaunguruma kama mtu anayechechemea. Mwaka 1994 kampuni iliomba mngurumo huo usajiliwe kuwa alama yake ya biashara, ikapingwa na washindani, na mwaka 2000 ikaliondoa ombi.

Hata namba zilizoandikwa ubavuni mwa pikipiki hizi zina historia. Mwaka 1983 serikali ya Marekani, kwa maombi ya Harley, iliongeza ushuru mkubwa kwa pikipiki za nje zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 700. Yamaha walikuwa na Virago ya 750. Mwaka uliofuata soko la Marekani likaletewa Virago ya 700, ambayo ukiipima kwa uhakika ni 699. Sentimita moja ya ujazo chini ya mstari wa sheria. Mwongozo wa ufundi utakupa ujazo wa silinda bila kukwambia habari hii. Haujali kwa nini, unajali ngapi. Huo ndio ufinyu wake wa kwanza, na pia ndiyo heshima yake, maana haukuuzii hadithi.

Sasa turudi kwa Pirsig. Kitabu chake ni cha baba na mtoto wanaosafiri kutoka Minnesota kuelekea California, na katikati kuna mawazo marefu kuhusu ubora, akili na wazimu. Mwandishi mwenyewe anatahadharisha mwanzoni kwamba tusitegemee kupata ukweli mwingi kuhusu pikipiki. Nampa haki yake: sura zinazoeleza kukwama, pale skrubu moja ndogo inapokataa kufunguka na mashine nzima kupoteza thamani kwa sababu hiyo, ni za kweli kabisa. Yeyote aliyewahi kuharibu kichwa cha skrubu jioni ya Jumapili, maduka ya Kariakoo yakiwa yamefungwa, atamwelewa.

Ninachokishitaki ni jinsi mafundi wanavyoonekana mle ndani. Mapema katika kitabu msimulizi anapeleka pikipiki yake gereji. Vijana wa pale wamewasha redio kwa sauti, wanacheka, wanagonga nyundo hovyo, na pikipiki inatoka ikiwa mbovu kuliko ilivyoingia. Yeye mwenyewe ndiye anayegundua baadaye kwamba kosa lilikuwa pini moja ndogo katika njia ya oili. Kutokana na kisa hicho anajenga hoja nzima kwamba wale walikuwa watazamaji wa kazi yao wenyewe, hawakujali. Inawezekana. Lakini hatuwasikii wakisema hata neno moja la kujitetea. Hatujui walilipwa kiasi gani, ni pikipiki ngapi zilikuwa zinasubiri mlangoni, wala nani aliwafundisha. Redio imetumika kama ushahidi wa mahakamani.

Kijiwe ninachopeleka pikipiki yangu, Ilala, redio haizimwi. Asubuhi ni michezo, mchana ni taarabu, jioni ni ubishi wa Simba na Yanga unaozidi hata sauti ya redio yenyewe. Na kazi inafanyika. Fundi mwenye kijiwe, mzee wa miaka hamsini na kitu ambaye hapa nitamwita Fundi kama anavyoitwa na mtaa mzima, anaweza kubishana kuhusu penalti huku sikio lake la pili likisikiliza bodaboda inayopita barabarani, kisha akamwambia kijana wake, "Yule cheni yake imelegea, atarudi." Pirsig angemwona mtu huyu kwa dakika tano akamwandika vibaya.

Kuna kisa kingine katika kitabu hicho ninachokipenda. Rafiki wa msimulizi ana BMW ya gharama, usukani wake unalegea, na msimulizi anapendekeza kukata kipande cha bati la kopo la bia kiwe kikazio. Rafiki anachukizwa. Hataki kopo la bia kwenye BMW. Pirsig anajenga juu ya kisa hiki tofauti kati ya watu wanaoona sura ya kitu na wanaoona kazi yake. Nilipomsimulia Fundi, alisubiri mwisho wa kisa kwa muda, kisha akauliza, "Sasa tatizo lilikuwa nini?" Kwake kopo la soda ni bati jembamba lililokwisha kunyooshwa na kiwanda. Karatasi nene ya gasketi anaiweka juu ya mfuniko wa injini, anagonga kingo taratibu kwa nyundo ndogo mpaka chuma chenyewe kikate umbo lake. Falsafa iliyomgharimu Pirsig kurasa kadhaa, pale kijiweni ni asubuhi ya Jumanne.

Mtu aliyejaribu kumrudishia fundi akili yake ni Matthew Crawford, katika *Shop Class as Soulcraft*, kitabu cha mwaka 2009. Crawford ana shahada ya uzamivu ya falsafa ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, aliacha kazi ya ofisini Washington baada ya miezi michache, akafungua gereji ya pikipiki huko Richmond, Virginia. Anaonyesha vizuri kwamba kutambua ugonjwa wa injini ni kazi ya kufikiri, na kwamba mtu hujifunza kwa kukaa karibu na mtu, si kwa maelezo peke yake. Anaeleza pia aibu ya bili: pikipiki moja ya zamani ya Honda ilimla saa nyingi kuliko alizothubutu kumdai mteja. Hapo ndipo nilipomwamini, maana ni mara chache mwandishi wa vitabu vya hekima kuzungumzia bili.

Lakini Crawford naye alikuwa na mlango wa pili wa kutokea. Aliingia gereji kwa kuchagua. Kijana wa Fundi, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, aliingia kijiweni baada ya darasa la saba kwa sababu ada na nauli ziligoma. Ukisoma Crawford ukiwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na kijana huyo, sifa za kazi ya mikono zinaanza kusikika kama sifa za maji ya kisima kutoka kwa mtu mwenye bomba nyumbani.

Basi tukaamua kuurekebisha mlango wa valvu za Virago, kazi ambayo mafundi wetu huiita kuseti tapeti. Nieleze kwa ufupi. Juu ya kila silinda kuna valvu inayoingiza hewa na mafuta, na nyingine inayotoa moshi. Kati ya valvu na kidole kinachoisukuma lazima pawe na nafasi, ndogo sana, sehemu tu ya milimita. Unaipima kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya chuma vyenye namba. Injini iwe imepoa kabisa. Pistoni iwe juu, kwenye mpigo wa kubana, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Unalegeza nati ya nje, unazungusha skrubu, unapitisha kisahani, kikishika kidogo kama karatasi inayovutwa chini ya kidole, unakaza nati bila kuiacha skrubu izunguke, kisha unapima tena.

Fundi hakutaka fila. Aliseti silinda zote mbili kwa kutikisa kidole cha valvu na kusikiliza, kama anavyofanya kwa bodaboda kumi kwa wiki. Injini ikawaka, ikatulia, ikawa kimya mno. Siku ya pili, ikiwa imepoa, tukapima. Silinda ya mbele ilikuwa ndani ya kipimo cha kitabu. Ya nyuma, ile inayojificha chini ya kiti na kupata upepo mdogo, valvu yake ya moshi haikuruhusu hata kisahani chembamba kuliko vyote kupita.

Hapa uhakiki wangu unapaswa kusema ukweli bila kupendelea. Kitabu kilikuwa sahihi na sikio halikuwa sahihi. Tena kosa lenyewe ni la hatari kwa namna ya pekee. Tapeti ikilegea, inapiga kelele, unaisikia. Ikibana, inanyamaza. Chuma kinapopata moto kinarefuka, nafasi inakwisha, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, na kwa kuwa valvu hupozwa kwa kugusa kiti hicho, inaanza kuungua. Injini inasikika nzuri kuliko zote mtaani mpaka siku inapokataa kuwaka.

Nilimuuliza Fundi kwa nini alibana hivyo. Hakukasirika. "Mwanangu," alisema, "mteja akisikia tak-tak-tak anasema fundi kaharibu. Anakwenda kwa mwingine. Yule mwingine anabana, inanyamaza, anaonekana bingwa. Mimi nile wapi?"

Nimelifikiria jibu hilo kuliko sura yoyote ya Pirsig. Fundi anajua. Sikio lake linajua tofauti ya sauti nzuri na sauti mbaya. Kilichombana ni soko la wateja wanaonunua ukimya. Mwongozo wa Haynes, kwa usahihi wake wote, hauna mahali pa kuweka jambo hili. Ndani yake hakuna mteja. Kuna msomaji mmoja, mbele ya mashine moja, mwenye mwanga wa kutosha, zana zote na jioni nzima. Kila sentensi ni amri aliyopewa mtu huyo mpweke: ondoa, safisha, kagua, badilisha. Ukurasa unampangia ugumu wa kazi kwa alama za spana, moja mpaka tano, lakini haujui kwamba kuna kazi ya spana mbili inayokuwa ya spana tano kwa sababu mwenye pikipiki amesimama nyuma yako akiangalia saa.

Upweke huo wa mwongozo unashangaza zaidi ukijua ulivyozaliwa. John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza aliyepangiwa Aden katikati ya miaka ya 1960. Mwenzake alinunua gari dogo la Austin-Healey Sprite lililochoka, wakalifungua pamoja, na Haynes akapiga picha kila hatua ili wajue kurudisha. Kutokana na kazi hiyo mwongozo wake wa kwanza ukatoka mwaka 1966. Watu wawili, joto la Aden, na gari la rafiki. Katika kuwa kitabu, rafiki alitoweka, ikabaki mikono isiyo na uso.

Miongozo ya aina hii ina tabia nyingine maarufu. Baada ya kueleza kwa makini jinsi ya kufungua kitu, inapofika kwenye kufunga inamwagiza msomaji apitie hatua zilezile kinyumenyume. Waendesha pikipiki wa nchi zote hulicheka agizo hili. Sisi wa Kiswahili tunapaswa kulitazama kwa jicho la ziada, kwa sababu lugha yetu inakubaliana nalo ndani ya sarufi. Tuna kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Chomeka, chomoa. Bandika, bandua. Kunja, kunjua. Silabi moja inageuka, na tendo lote linarudi lilikotoka. Ungedhani lugha hii ilitengenezwa gereji.

Mikono inajua kwamba si kweli. Gasketi uliyoibandua haibandiki tena; imekwisha kubonyea kwa umbo la siku ile. Wosha ya shaba chini ya bolti ya kumwagia oili imeshaminywa. Bolti za hedi unazifungua zikiwa na kutu na vumbi la miaka, unazifunga zikiwa safi, kwa zamu na kwa mzunguko, kidogo kidogo, ili hedi isipinde. Kufungua ni kwa nguvu, kufunga ni kwa kipimo. Aliyefungua alikuwa anatafuta, anayefunga anaahidi. Kinyume cha kufungua kipo kwenye kamusi tu.

Kwa nini basi nisiseme Fundi anahitaji kitabu, yakaisha? Kwa sababu kitabu ni cha Kiingereza, na kijana wake anasoma Kiswahili vizuri kuliko baadhi ya waliomaliza chuo. Hilo ndilo linaloniuma katika uhakiki huu wote. Maarifa yapo kijiweni, na maneno yapo: plagi, kabureta, tapeti, krenki, konrodi, klachi. Vitenzi ndivyo vingi zaidi, na ni vyetu: kaza, legeza, bana, achia, shikiza, nyoosha, piga msasa. Lugha inayoweza kutofautisha nati isiyofunguka na nati isiyofungulika haina upungufu wa msamiati wa ufundi. Ina upungufu wa kurasa.

Na kurasa ni mamlaka. Mwezi Juni mwaka 2022 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi, FTC, iliichukulia Harley-Davidson hatua kwa sababu ya masharti ya dhamana yaliyowaambia wenye pikipiki kuwa wakitumia vipuri visivyo vya kampuni, dhamana itakufa. Kampuni ikatakiwa kuondoa masharti hayo na kuwaeleza wateja kwamba fundi wa nje na kipuri cha nje haviui dhamana. Huko ugomvi ni nani ana ruhusa ya kutengeneza. Kwetu ruhusa haijawahi kuwa tatizo. Kila mtu ana ruhusa chini ya mwembe. Tatizo ni kwamba maelekezo yanakaa upande mmoja wa lugha na mikono upande wa pili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Pirsig asomwe kwa ajili ya baba na mwana, na kwa ajili ya ile skrubu. Mtu asimtumie kuwahukumu mafundi. Crawford asomwe na kila anayedhani kufikiri kunafanyika mezani tu, lakini asomwe na bili mkononi. Mwongozo wa Haynes ndio ninaoupa nafasi ya kwanza, pamoja na upweke wake, kwa kuwa ndiyo maandishi pekee kati ya haya matatu yanayokubali kupimwa kwa kisahani cha chuma na kushindwa mbele ya mashahidi. Waandishi wa insha tungejifunza kitu hapo: andika kila sentensi kana kwamba kuna mtu atakaza nati kwa kuifuata.

Mwezi uliopita niliandika ukurasa mmoja wa kuseti tapeti, kwa Kiswahili, hatua tisa, kwa maneno ya kijiweni na maelezo yangu mwenyewe. Kijana aliuchukua akausoma kwa sauti, redio ikiendelea, Fundi akitikisa kichwa kwenye hatua anazokubaliana nazo. Wakaufunika kwa nailoni na kuutundika karibu na pampu ya upepo. Nilipopita wiki iliyofuata, chini ya hatua ya tisa kijana alikuwa ameongeza ya kumi kwa kalamu ya bluu, hatua ambayo haipo katika mwongozo wowote niliowahi kushika: *Mwambie mteja kelele kidogo ni afya.*